Nguruwe na utafiti wa kisukari

Mhariri,

Najidunga insulini kila siku, ndiyo maana naumia nikisikia utafiti unaotumia nguruwe ukibezwa eti panya wanatosha. Hawatoshi. Yule panya mdogo wa maabara ana damu ya takriban mililita 2 tu mwili mzima. Ukitaka kuona kongosho inavyotoa insulini baada ya mlo, dakika hadi dakika, utamchota mara ngapi kabla hajafa? Nguruwe huwekewa mrija mwembamba mshipani, akapimwa tena na tena huku akila na kulala. Isitoshe, panya ana jeni mbili za insulini. Nguruwe, kama sisi, ana moja. Insulini yake hutofautiana na yetu kwa asidi amino (kijenzi cha protini) moja tu kati ya 51, na iliwaweka hai wagonjwa wengi kabla ya insulini ya binadamu iliyotengenezwa maabara kuidhinishwa Marekani mwaka 1982.

Lakini seli za beta za nguruwe, zile zinazotengeneza insulini, zikiuawa kwa kemikali ya streptozotosini ili apate kisukari cha kuchunguzwa, mnyama huyo anaugua kweli: kiu, mkojo usiokwisha, kukonda. Kiu ile naijua. Watafiti wamtunze vizuri, wampe insulini kwa wakati, na wasitumie hata mmoja asiyehitajika.

Msomaji wenu,
Mgonjwa wa kisukari