Wanangu mnaoanzisha chama cha watu wa nyuklia, nisikilizeni kwanza

Wanangu wa Dar, Arusha, Nairobi, na nyie mliosomea Urusi mkarudi juzijuzi, salaam nyingi. Nimesikia mnataka kuanzisha chama cha wataalamu wa nyuklia na nimefurahi kweli, manake miaka yangu yote kazini sie watu wa mionzi kila mtu alikuwa kivyake, wa eksrei hamjui wa maabara, wa maabara hamjui anayepima vyakula bandarini. Lakini rasimu ya katiba yenu nimeisoma mara mbili. Ada ipo, vyeti vipo, nani aitwe mhandisi na nani fundi ipo, mpaka fulana za uzinduzi. Pahali pa mwanachama kusema "jamani nimekosea" sijapaona, na kwangu mie hapo ndo penyewe.

Septemba 1977, kinu cha nyuklia cha Davis-Besse kule Ohio, Marekani, valvu moja ilifunguka ikagoma kufunga, maji ya kupoozea yakawa yanatoka na vipimo vikawadanganya mafundi wakaona maji yamejaa, wakazima pampu za dharura. Baada ya kama dakika 20 wakashtuka wakaziba njia, hakuna aliyeumia, na kinu chenyewe kilikuwa kinaenda kwa asilimia 9 tu ya nguvu zake. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyokiunda akaandika memo ya kuonya, memo ikazunguka maofisini weee, wenye vinu vingine vya kampuni hiyohiyo hawakuletewa. Tarehe 28 Machi 1979 ikawa zamu ya Three Mile Island, Pennsylvania. Valvu ikakwama vilevile, vipimo vikadanganya vilevile, mafundi wakapunguza maji vilevile, ila safari hii kinu kilikuwa kinaenda karibu nguvu zote na valvu ilikaa wazi zaidi ya saa mbili, karibu nusu ya kiini, pale penye fueli, ikayeyuka. Fikirieni mtu wa zamu ile saa kumi alfajiri, taa na kengele mia zinamlilia, na jibu lake liko kwenye faili la ofisi asiyoijua.

Mwaka uleule wenye vinu vya Marekani wakaunda chama chao, INPO, ili wakaguane na kupashana makosa. Wasovieti nao, kasoro ya fimbo za kuzimia kinu ilionekana Ignalina, Lithuania, 1983, na waliokuwa zamu Chernobyl, kinu chao cha aina hiyohiyo kilipolipuka usiku wa 26 Aprili 1986, hawakuwa wameelezwa. WANO, chama cha namna hiyo cha dunia nzima, ikazaliwa Moscow 1989 baada ya hapo. Vyama hivi vimezaliwa na habari iliyofichwa, wanangu, havikuanzia kwenye vyeti.

Najua kuna atakayesema mzee hayo ni ya wenye vinu, sie hatuna, Kenya bado wanakitafuta, Tanzania tuna urani ya Namtumbo na mashine za saratani. Haya, nami niseme yangu. Hospitali sitaitaja. Kila mmoja wetu chumba cha eksrei alipewa beji ya kupima mionzi, unaibandika kifuani, baada ya muda zinakusanywa zinapelekwa kusomwa. Mwenzangu yake alikuwa anaiweka kwenye kopo la majani ya chai, kabatini, manake tuliambiwa chini chini kwamba beji ikisoma juu unatolewa chumbani na posho inakwenda. Mie niliona. Miaka miwili nikiona, nikinywa chai ya kopo lilelile, sikusema. Majibu yakirudi yanasema safi, na sote tukaiamini ile karatasi.

Alafu siku moja akaja mkaguzi na kipimo chake cha mkononi, akapita koridoni, sindano ikaruka. Bamba la madini ya risasi la kuzuia mionzi, ndani ya mlango, lilikuwa limeshuka, pamebaki upenyo juu kama kiganja, na mbele ya ule mlango ndo lilikuwepo benchi. Benchi la kusubiria. Akina mama walikuwa wanakaa pale na watoto mapajani tangu asubuhi. Ile beji ingevaliwa kifuani na yule mwenzangu, aliyekuwa anasimama mlangoni kila siku, pengine tungejua mapema, sijui mapema kiasi gani, na hilo swali sijaacha kujiuliza mpaka leo niko kijijini nalima.

Kwa hiyo nawaomba. Wekeni kifungu kwamba mwanachama akileta kosa lake mwenyewe chama kinamsimamia kwa mwajiri, hafukuzwi wala hanyang'anywi leseni kwa kusema tu, na kosa hilo linaandikwa bila jina linatumwa kwa wote, Mombasa wajue ya Mwanza wiki hiyohiyo. Ada iwe ndogo mpaka fundi wa hospitali ya wilaya aweze, yule ndo anaona milango.

Na kikao cha kwanza, kabla ya kuchagua mwenyekiti, nipeni dakika 10 nisimame niwasimulie lile kopo la chai mbele ya watu wote, kwa jina langu. Nambieni tarehe tu, basi nitapanda mwenyewe.