Wajukuu wa Kangemi, kabla hamjasafisha jiko la kukhu

Hamjambo wajukuu. Ni mimi kukhu, yaani nyanya, wa mboga pale karibu na stage, mnanijua kwa mrenda na saga. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi naongea tu, mkiona makosa mmlaumu yeye.

Desemba inakuja na wengi mtaenda ushago. Juzi kijana mmoja wa ile grupu yenu ya mboga za gunia aliniambia nyanya yake alifariki wakasafisha jiko lote, vibuyu vikachomwa, nikashindwa hata kumpa pole vizuri kwa sababu roho yangu ilikuwa imeshakimbia kwetu Butere.

Mama yangu alifariki 1998. Kwa ile dari ya fito juu ya meko alikuwa na vyungu vya mbegu, zimechanganywa na majivu, mdomo umezibwa na kinyesi cha ng'ombe, wadudu hawaingii. Vitatu vilikuwa vya njugu mawe, sisi tunaita tsimbande. Chungu cha nyekundu, chungu cha zile nyeupe zenye jicho, na chungu cha nyeusi, na nyeusi alikuwa anasema ndio hukubali shamba la juu kwenye mchanga hata mvua ikikosea. Sasa wageni wa matanga wakawa wengi, chakula kikaisha siku ya tatu, na ni mimi, si mtu mwingine, nilipanda kwa kiti nikateremsha vyungu nikaosha majivu nikachemsha zote na mahindi. Watu wakala wakasema tamu. Nyekundu na nyeupe nilikuja kupata sokoni baadaye lakini nyeusi kama zile sijaziona tena, na nimeuliza hadi Busia.

Kinachoniuma ni hiki. Hapo Muguga, barabara hiihii ya Nakuru inayopita hapa kwetu, si mbali kwa matatu, kuna benki ya mbegu ya taifa, siku hizi iko chini ya KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, na ilianza 1988. Yaani wakati nachemsha ilikuwa na miaka kumi na mimi nilikuwa naipita kwa gari nikienda nyumbani na kurudi, sikujua. Wana karibu sampuli 50,000 pale. Mbegu inakaushwa pole pole mpaka maji ndani yake yanabaki kidogo sana, inafungwa kwa mfuko wa foili hewa isiingie, inawekwa kwa baridi ya kama digrii 20 chini ya sifuri, na baada ya miaka wanatoa chache wanajaribu kama bado zinaota, zikianza kuchoka wanazipanda upya wavune. Nakala zingine za mbegu za Kenya zilipelekwa Svalbard, huko Norway, kwa ile stoo ya ndani ya mlima iliyofunguliwa 2008. Msicheke. Watu wa Syria waliweka mbegu zao huko, vita ikaharibu kazi yao Aleppo, 2015 wakaenda wakachukua zao wakaanza kupanda tena.

Mtaniuliza kwani shida iko wapi na mbegu ya duka. Mimi pia nanunua ya duka. Lakini 2011 ule ugonjwa wa mahindi ulionekana Bomet, shamba la mtu linakauka likiwa limesimama, na wanaotafuta dawa ya mambo kama hayo wanarudi kwa mbegu za zamani kutafuta moja yenye nguvu. Ikiwa ilishachemshwa matangani wataipata wapi?

Basi ukifika ushago, nyanya akiwa hai, keti naye jikoni. Muulize jina la mbegu kwa lugha yake, inapandwa mwezi gani, udongo gani, inapikwaje, uandike yote, ukitaka mrekodi kwa simu. Mbegu bila hayo maneno ni punje tu. Chagua zisizotobolewa, anika kivulini, weka kwa bahasha ya karatasi, usiweke kwa plastiki zitaoza njiani. Nusu peleka Muguga, nusu panda, maana ya kwa friji haijifunzi hii mvua ya siku hizi. Nduma, viazi vitamu na mihogo hazipandwi kwa mbegu, hizo lazima ziendelee kuwa shambani kwa mtu, kwa hivyo chukua miche.

Kuna wanaosema serikali itachukua mbegu zetu iwape makampuni. Siwezi kuwaambia ni upuuzi, kwa sababu sheria ya mbegu ya 2012 ilifanya mkulima aogope kumpa jirani mbegu, mpaka wakulima 15 wakaenda kortini na 2025 Mahakama Kuu ikawapa haki. Ndio nasema nusu ibaki kwako, na ukipeleka omba karatasi yenye jina la kijiji chenu.

Mimi Januari niko pale pale stage. Yule wa upande wa Butere, Mumias au Khwisero akiona tsimbande nyeusi, hata kiganja kimoja, aniletee kabla hajaonja. Nauli ya Muguga ni yangu, na tutaenda wote, nataka kuona hiyo friji.