Asante, mzee wa lori wa Uspallata

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na Kihispania changu kinaishia kwenye "gracias". Ni wewe uliyesimamisha lori barabara namba 7 ya Argentina, kati ya Uspallata na Puente del Inca, ukanikuta nimeinamia gurudumu la nyuma. Kiongozi wa msafara na wenzangu walishatangulia kuutazama mlima Aconcagua, mita 6,961. Mimi nilikuwa naitazama pancha. Na upepo ule! Vumbi hadi kwenye meno.

Hukusema mengi. Ulichomoa msumari kwa koleo, ukaziba tundu, kisha ukavuta mpira wa upepo kutoka kwenye lori lako na kujaza tairi, huku ukilipigapiga kwa kisigino. Halafu ukanipa mate, kinywaji chenu cha majani kama chai. Kwetu mate ni ya mdomoni, basi nilicheka peke yangu, hasa nilipoona mrija ni mmoja na tunapokezana. Chungu kama mwarobaini! Nilimaliza kwa heshima tu.

Pesa ulizikataa kwa kidole. Jioni tuliporudi kwenye mizabibu ya Luján de Cuyo, glasi yangu ya kwanza ya divai ya Malbec niliinua kwa ajili yako. Wenzangu waliuliza ni nani huyo.