Jiografia ifundishwe vichochoroni

Mheshimiwa Mhariri,

Juzi niliwatoa wanafunzi wangu wa jiografia hadi Mji Mkongwe, watano watano, kila kundi na simu moja yenye GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mtu alipo. Niliwapa latitudo na longitudo tu. Ngome Kongwe na kanisa la Mkunazini wakatafute wenyewe. Vichochoroni kile kidoti cha buluu kinachoonyesha ulipo kwenye ramani ya simu kikaruka ukuta mzima! Hapo ndipo walipofahamu kwamba simu huhitaji setilaiti zisizopungua nne, na mawimbi yakigonga kuta ndefu hesabu hupotoka. Binti mmoja, ambaye darasani hasemi neno, ndiye aliyewaongoza wenzake hadi kanisani.

Naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali izipatie skuli simu chache kwa somo hili, Unguja na Pemba.

Mwalimu wa jiografia,
Unguja