Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Wafugaji wa Samaki wa Vizimba, Mwanza

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua: mikutano minne, Nanenane pale Nyamhongolo, ziara ya kituo cha taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, Nyegezi, msiba wa mwenzetu Ukerewe. Sitayarudia.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni, la shilingi 412,000 za chama zilizotumika kwa makala za utafiti. Ni kweli niliidhinisha mimi, kabla Kamati Tendaji haijakaa. Lakini mnakumbuka Julai. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda, samaki wa kizimbani, aliyefungiwa ndani ya wavu, hana pa kukimbilia, na sisi tulikuwa tunaokota mizoga bila kujua sababu. Nikapata makala tatu za utafiti kuhusu ziwa letu hilihili, zimefungiwa kwenye majarida ya nje, dola 35 kila moja. Makala zikala 270,000, mtafsiri 90,000, kudurufu 52,000. Risiti zote anazo Mhazini.

Wapo wanaosema ningewaomba watafiti wenyewe, wangenipa bure. Niliwaandikia wawili, kwa bando langu. Mmoja yuko kimya hadi leo. Wa pili alijibu baada ya wiki saba, tulishanunua. Wapo pia wanaosema hayo ni makaratasi ya wasomi. Hapo sikubali hata kidogo. Makala moja inataja mwishoni kwamba fedha zilitoka serikalini, yaani kodi, na maji yalichotwa mbele ya vizimba vyetu. Kwa nini tulipe mara ya pili ili tusome? Marekani, kuanzia 2008 hadi katikati ya 2025, utafiti uliolipiwa na taasisi yao ya afya, NIH, ulikuwa sharti uwekwe wazi ndani ya miezi 12. Agosti 2022 Ikulu yao ikaagiza utafiti wote wa fedha za serikali usomwe bure tangu siku unapochapishwa, ikazipa idara hadi mwisho wa 2025. Kwetu ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu. Barua yangu ya Agosti ya kuomba taarifa kwa ofisi moja haijajibiwa. Nimeifuatilia mara tatu, kwa nauli yangu.

Kutokana na makala hizo tumejifunza kupima oksijeni alfajiri, inapokuwa chini kabisa, na ikiwa ndogo mno, kusimamisha chakula siku hiyo. Jambo hilo nililisimamia mwenyewe, na sijutii.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Siku ya kusoma tafsiri hiyo tulikuwa 19 kati ya 64. Ada ni 24,000 tu kwa mwaka, waliolipa ni 29: tumekusanya 696,000, tunawadai 35 waliobaki 840,000. Wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi, wengi wao wamo katika hao 35.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuwaalika watafiti waje kutusomea matokeo yao kwa Kiswahili, na kuifuatilia ile barua. Nakala 45 za tafsiri bado ziko kwa Katibu, Mwaloni Kirumba. Hazilipiwi.