Kipande cha Kanga Yako

Wete, Pemba
Jumatatu, baada ya laasiri

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi, khofu ni juu yako wewe na hilo goti lako. Najua tangu hitima ya mama sijakuandikia wala sijakupigia, na huu ni mwezi wa saba. Sikukusahau. Simu naishika, nikifika kwenye jina lako naiweka chini, kwa sababu ninalotaka kukwambia si la kusema upesi upesi huku mtandao unakata. Kijana wa Bi Kombo anavuka kuja Tanga keshokutwa, nikasema basi, nimpe barua na kifurushi.

Nina haja kwako. Ila ngoja kwanza nikueleze ilivyoanza.

Salma ni mja mzito. Ndiyo, Salma wetu! Miezi sita. Mumewe kahamishiwa kazi Njombe, na baridi ya huko unaisikia. Juzi kaniletea picha ya asubuhi, kajifunika blanketi mpaka puani, nyuma yake ukungu mtupu, mti hauonekani. Mtoto aliyekulia Wete, akilala na kanga moja na madirisha wazi! Nikasema mjukuu wangu hatozaliwa kule bila ya kitu cha huku cha kumfunika.

Nikaanza na kofia na soksi. Unajua sweta za mtumba kwetu hazina mnunuzi, nani avae sweta Wete? Belo likifunguliwa zinabaki chini kabisa, mimi nazichukua kwa bei ya bakuli la urojo. Kwanza nazigeuza nje ndani nitazame mshono wa ubavuni. Ukiwa umekatwa kwa ovaloki naiacha hapo hapo, kwa sababu kila mstari umeshakatika na utaambulia vipande vya shubiri moja. Ukiwa umeunganishwa ukingo kwa ukingo, naufumua ule mshono, natafuta ncha begani, navuta, na kila kipande kinakuja uzi mmoja, raha yake siwezi kukuhadithia. Uzi unatoka umejikunjakunja. Nauzungushia mgongo wa kiti, naufunga mahala pane usichanganyike, nauloweka, halafu nauanika na chupa ya maji imening'inia chini mpaka unyooke. Mabaki ya rangi siyatupi, nayafungia fundo moja kwa moja: kijani, kahawia, buluu ya sweta la shule ya watu. Kofia iliyomo kwenye kifurushi ni ya mjukuu wako mdogo, najua Tanga haina baridi, avae usiku wa kipupwe tu.

Lakini si kofia zilizoniketisha kuandika. Ni mfarishi, lile tandiko nene la vipande vya kanga ninalomshonea mjukuu.

Nguo za mama tulizitoa sadaka, wewe mwenyewe ulisaidia kuzikunja. Zilibaki kanga kumi na moja na ndugu zangu wote wakaridhia nikae nazo mimi. Nikazitia sandukuni. Kila nikifungua, ule udi unanipanda, nafunga. Hivyo miezi minne. Siku nilopata nguvu ya kuzitoa nikakuta moja imeshaliwa na wadudu kwenye pindo, na nikaona hapana, bora zilaliwe na mtoto kuliko kuliwa na mende.

Nimezifua zote kwanza. Ile nyekundu yenye korosho ilichuja maji matatu. Ungeishona hivi hivi, siku ya kwanza ya kufua nyeupe yote ingegeuka waridi. Ndani sikutia sufi. Mama zetu walijaza sufi kwenye mito na magodoro, lakini ikilowa inagandamana, na mtoto mchanga kazi yake ni kulowesha. Nimetia blanketi jembamba la pamba, nikapiga bandi kubwa kubwa toka katikati kwenda pembeni ili matabaka yasihame, ndipo nikaanza kushona kwa mkono, sindano inapita yote matatu. Kila usiku baada ya isha nafanya upana wa kiganja. Macho ndiyo yanayonisimamisha, si mikono.

Sasa dada. Alikuja Ijumaa, akauona mkasi juu ya kanga ya mama. Alisimama mlangoni muda, halafu akasema, "Wewe unamkata mama." Akaondoka, chai hajaigusa.

Zuwena, kauli ile haijanitoka kifuani. Dada si mtu asiyejua sindano, yeye kofia moja ya viua inamchukua miezi, tobo kwa tobo. Ndiyo maana iliniuma. Siku ya pili nikamfuata kwake. Nikamwambia kanga yenyewe asili yake ni vipande: wanawake wa hapa visiwani katika karne ya 19 walinunua vitambaa vya leso vya mraba, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja, na mpaka leo Mombasa wanaiita leso. Nikamwambia mkeka anaoukalia ni ukili uliounganishwa msuko kwa msuko. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza neno moja tu: "Na kisutu?"

Kisutu sijakikata. Nimemwapia. Kisutu cha harusi ya mama ndicho mgongo wa mfarishi, kizima, na weusi wake na weupe wake na wekundu uliokwisha kupoa, na kipimo chake ndicho nilichofuata kwa mfarishi wote. Dada akasema atakuja kukitazama. Hajaja.

Na ana haki katika jambo moja, sikuficha. Mwanzo nilikuwa nakata miraba tu, mmoja baada ya mwengine, sitazami, na nikaipitisha mkasi kanga ya "Nani kama mama". Kilichobaki mkononi kimeandikwa "kama ma". Nililia mpaka adhuhuri. Nimekiunga tena kwa uzi wa rangi ile ile, mshono hauonekani ila mtu apitishe kidole. Toka siku ile kila jina, yale maneno ya kanga, nalikata refu, lote, na kisanduku chake.

Lakini majina marefu nayapanga wapi? Hapo nilikwama wiki mbili, mpaka nilipokwenda Unguja kupima macho. Nikabakiwa na nusu siku kabla ya boti. Nikaingia Ngome Kongwe kuangalia picha, maana mimi picha hazinipiti. Kijana mmoja alikuwa anachora tingatinga, ndege wawili juu ya tawi, akanikaribisha kigoda. Akanihadithia kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, na 1972 akafa. Miaka minne, Zuwena! Miaka minne ya rangi ya baiskeli, na mpaka leo vijana wanalisha watoto wao kwa mkono wake. Nilikaa pale saa nzima. Nilijisikia niko na watu wangu.

Kisha nikakata vichochoro vya Mji Mkongwe na hapo ndipo nilipoona. Ile milango tumepita mbele yake utoto wetu wote tukienda kwa shangazi, hatukuwahi kusimama. Nilikaa barazani nikaukabili mmoja, wa kizamani, juu umenyooka. Mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili, umechongwa toka juu mpaka chini. Miimo pande mbili, chini kabisa samaki na mawimbi, mmea unapanda juu, na ukingoni mnyororo umeuzunguka wote. Nikatoa bahasha ya dawa ya macho nikauchora nyuma yake.

Basi mfarishi wangu ni mlango. Ukingo nimeushona mnyororo kwa uzi mweusi. Miimo ni mapindo ya kanga. Na mfaa, pale katikati, ni majina yote ya mama, moja chini ya jengine, kama mtu anasoma akishuka. Nimeyapanga yote, na nimebakisha nafasi moja, katikati kabisa, penye kifua cha mlango.

Umeshajua ninachotaka.

"Wema hauozi." Mwaka ule wa karafuu nyingi, tulipoanika mpaka juu ya mapaa na vidole vyetu vikanuka mwezi mzima, na wewe ndo unaolewa Tanga. Mama alinunua doti moja, akakaa pale ukumbini akaikata mwenyewe katikati, nusu yako, nusu yangu. "Doti ni moja," akasema, "msije mkasahauliana." Nusu yangu niliifanya ubeleko wa Salma. Nikiifunga kila siku pale pale, fundo kifuani, mpaka jina likafutika, kisha nguo yenyewe ikachanika. Kimebaki kitambaa cha ukubwa wa mkono. Nimekitia kwenye kifurushi ukione, unirudishie.

Yako ni nzima. Uliivaa siku ya hitima. Nilikuona unaikunja usiku ule ulipokuwa unafunga safari, nikataka kusema, nikashindwa, na nadhani ule ndio mwanzo wa kimya changu chote hiki.

Sitaki kanga yote. Nataka jina tu, kama dhiraa moja na kidogo, upana wa kiganja. Pale utakapokata, nimekuletea cha kuzibia: pindo la ile kanga ya kijani ya mama aliyokuwa akivaa kwenda shamba. Limeshafuliwa, halichuji. Ukilishona pale yako itakuwa na yeye, na mfarishi utakuwa na wewe. Na kama moyo wako haukubali kuitia mkasi, niambie hivyo hivyo, wallahi sitokasirika. Nitashona kitambaa cheupe mahala pale, kibaki kitupu, na Salma nitamweleza kwa nini. Ila nimeiandika barua hii mara tatu na kila mara narudi hapo hapo, kwa hiyo ujue sijaomba kwa mzaha.

Mengine madogo. Mbuyu wa nyuma ya kwa mwalimu umeanguka, hakuumia mtu. Mwanakombo kapata mkopo wa cherehani, anatusumbua wote tumpe nguo azipunguze. Bi Time bado anakusalimia kama ulikwenda jana.

Hebu niambie na wewe. Goti ulilipeleka au unalikanda tu na mafuta? Yule mwanao wa mwisho bado anachora? Mwambie nimemwekea penseli mbili nilizonunua Unguja, zimo kwenye kofia. Na la dada unanishauri vipi, nimpelekee mfarishi kwake auone, au nimsubiri aje mwenyewe kama alivyosema? Wewe anakusikia kuliko mimi, unaweza kumpigia? Na ile kanga, kabla hujanijibu, jina lake bado linasomeka vizuri au nalo limeanza kupauka? Na kama utaikata, huoni bora uje uikate hapa, tukae wote pale ukumbini?

Kijana anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Lolote utakalompa ulitie kwenye mfuko wa nailoni na ulifunge, maana bahari ya sasa inarusha maji mpaka ndani.

Mimi shoga yako,
Asha