Barua kwa Mama Nasra: keki 50 za vijiti kwa ajili ya Idi

Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Nasra,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo huko Tanga na saumu inakwenda vizuri. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotusumbua.

Ujumbe wako nimeupata: oda ya keki za vijiti 50 za Idi, yale matonge ya keki iliyofikichwa, yanayochomwa kijiti na kuchovywa chokoleti, za kupelekwa Raskazone, na zile za majaribio nusu yake gamba la chokoleti limepasuka, nusu zinachuruzika mafuta mpaka kwenye kijiti. Ile picha ya mwezi na nyota uliyoniletea nimeipenda, ila pambo tuliweke kando kwanza. Kilichokuharibia ni joto. Keki ya kijiti ina joto la aina mbili, la tonge na la chokoleti, na yote mabaya hutokea pale yanapokutana.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yanatoka Marekani na Uingereza. Wakisema "acha kwenye joto la chumba" wanamaanisha nyuzi 20 hivi. Jikoni kwako mwezi huu wa tatu ni nyuzi 31 au 32, na siagi huyeyuka hapohapo kwenye 32. Ukiwafuata neno kwa neno, ile krimu ya siagi iliyoshikanisha keki inarudi kuwa mafuta ndani ya gamba, na mafuta lazima yatafute pa kutokea. Kwa hiyo krimu ya siagi iache. Shikanisha kwa maziwa mazito ya kopo, yale matamu ya kumimina. Hayayeyuki, na sukari yake nyingi haiwapi vijidudu nafasi kirahisi.

Keki yenyewe isiwe ile laini ya kuyeyuka mdomoni, wala yenye mafuta mengi ya maji. Oka ya kawaida kabisa: siagi gramu 200, sukari 200, mayai 4, unga wa ngano gramu 200, beking poda vijiko vya chai 2, maziwa vijiko vya chakula 2, na hiliki nusu kijiko cha chai. Chombo cha sentimita 20, nyuzi 180, dakika 35 mpaka 40. Kama umeme utakuwa wa wasiwasi ukapalia mkaa, moto wa juu uzidi wa chini, na usiukaze, maana kila sehemu inayokuwa kahawia utaikata uitupe. Ganda la kahawia halifikichiki vizuri. Linabaki vipande vigumu ambavyo baadaye vinatokeza kwenye tonge kama vipele na kutoboa chokoleti. Keki ilale usiku kucha imefunikwa. Ukiifikicha ikiwa na uvuguvugu, mvuke unaigeuza uji.

Baada ya kukata maganda utabaki na gramu 600 hivi. Fikicha kwa vidole mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni, bila bonge hata moja. Tia maziwa mazito vijiko vya chakula 4 kwanza, changanya, halafu jaribu: finya kiganjani, fumbua. Tonge likisimama lakini ukilivunja linamwagika chenga, ongeza kijiko cha 5, ambacho kwa keki hii mara nyingi kinatosha. Likinata vidoleni au likianza kung'aa, umezidisha, na dawa yake ni keki zaidi. Usitie unga mbichi kamwe. Watu wengi huzidisha hapa, kwa sababu mchanganyiko laini unaviringika kwa urahisi na unaonekana mzuri. Uzuri huo unaishia kwenye kijiti: tonge linateleza polepole kwenda chini kwa uzito wake, na asubuhi unakuta kijiti kimetokeza utosini.

Pima kila tonge kwa mizani, gramu 26. Oka keki mbili, upate gramu 1,400 za mchanganyiko, hivyo matonge 53, matatu ya akiba. Kwa kukisia kwa macho utapata makubwa na madogo, na makubwa ndiyo yanayoanguka. Kwanza libane kwa nguvu mara 3 au 4 ili hewa itoke, ndipo uviringishe kwa wepesi. Ufa mdogo juu ya tonge leo ni ufa wa gamba kesho. Ukiuona, lowesha kiganja kidogo sana kwa maziwa mazito ulainishe.

Sasa ubaridi, ambao ndio uliokupasulia zile za majaribio. Bila shaka uliyatia matonge friza mpaka yakawa mawe. Tonge lililoganda likitumbukizwa kwenye chokoleti ya moto, gamba linajifunga na kusinyaa haraka, kisha tonge linaanza kupata joto na kutanuka kwa ndani. Gamba halina pa kwenda, linapasuka. Weka kwenye friji ya kawaida tu, dakika 30 mpaka 40 zinatosha, ndani ya kontena lenye mfuniko unaobana. Mfuniko ni lazima, kwa sababu tonge baridi likikutana na hewa ya Tanga linatoka jasho, na tone la maji ni sumu ya chokoleti. Toa 8 kwa mara moja, mengine yabaki ndani, na hayo 8 yasubiri dakika 3 mpaka 5 yakiwa yamefunikwa. Unataka tonge gumu la ubaridi wa maji ya mtungi, lisiwe barafu.

Kuhusu chokoleti, usihangaike na chokoleti halisi yenye siagi ya kakao. Ile nyeusi inataka kuyeyushwa mpaka nyuzi 45, ishushwe mpaka 28, ipandishwe tena 31 au 32 ndipo ufanyie kazi, ili igande ikiwa inang'aa. Jikoni kwako penyewe ni 32, sasa itagandia wapi? Nunua chokoleti kompaundi, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mawese badala ya siagi ya kakao. Ukiyeyusha na kuacha, inaganda yenyewe. Anayejua chokoleti atasema ladha yake ni ya chini, na ni kweli, lakini kwa kazi ya kijiti kwenye pwani yetu sioni cha kushindana nayo.

Kwa keki 50 tenga gramu 800. Zitakazotumika ni kama 550. Zilizobaki ni za kukupa kina cha kuchovya. Yeyusha gramu 400 kwa mara moja. Kwenye maikrowevu anza na sekunde 30, koroga, kisha sekunde 15 kila mara. Kwa jikoni, chemsha maji, zima moto, ndipo uweke bakuli juu ya sufuria bila kugusa maji. Ukiacha moto unawaka, mvuke unapanda na kuingia kwenye chokoleti, nayo inakatika na kuwa kama udongo. Ikishafika hapo haitafaa kuchovya tena. Ihifadhi kwa kutia kwenye keki nyingine. Nyeupe inaungua upesi kuliko nyeusi, usiipitishe nyuzi 45. Kuchovya ni karibu na nyuzi 40. Bila kipimajoto, weka tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto: liwe vuguvugu, lisichome.

Ikiwa nzito, ipunguze uzito kwa mafuta magumu ya kupikia, yale meupe ya kugandia koponi, kijiko cha chai 1 kwa gramu 400, ukiongeza nusu nusu. Inua kijiko: utepe unaodondoka upotee juu ya bakuli kwa sekunde 2 au 3. Utasoma watu wakishauri mafuta ya nazi. Huko kwao yanakuwa magumu. Hayo ya kwako yapo majimaji kwenye chupa mchana kutwa, na gamba litafanya vivyo hivyo.

Mimina kwenye kikombe chembamba kirefu, kina cha sentimita 7 au 8. Chovya ncha ya kijiti sentimita 1 na nusu, choma tonge mpaka katikati, usivuke. Acha dakika 5 hadi pale kijiti kilipoingilia pagande. Hiyo ndiyo gundi, na ukiiruka tonge litabaki ndani ya kikombe. Kisha lizamishe wima mpaka chokoleti ifunike ile shingo ya kijiti, ulitoe wima, mara moja tu. Usizungushe ndani ya chokoleti. Ukishatoa, linamishe, na kwa mkono wa pili ujigonge kwenye kifundo cha mkono ulioshika kijiti, ukikizungusha taratibu mpaka isidondoke tena. Ukigonga kijiti kwenye ukingo wa kikombe unalegeza ulichogundisha.

Tundu hata dogo kama la sindano litatoa mafuta baada ya saa chache, kwa hiyo kagua kila moja kwenye mwanga, hasa shingoni, uzibe kwa tone la chokoleti kwa ncha ya kijiti cha meno. Simamisha kwenye ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la televisheni, uifunike foili na kutoboa matundu kabla hujaanza kuchovya. Bakuli lililojaa mchele nalo linafaa.

Pambo sasa. Miezi na nyota tengeneza siku 2 kabla. Fondanti, ile sukari ya kukandwa ya kupambia keki, ikipata unyevu inalegea, hivyo ikande na unga wa CMC, ule wa kuikausha iwe ngumu, kijiko cha chai 1 kwa gramu 250, isukume unene wa milimita 2. Mwezi hauhitaji kikatio maalumu: upande mpana wa nozeli ndogo, ile ncha ya kupambia krimu, unakata duara, kisha kata tena kwa nozeli hiyohiyo ukiwa umeisogeza pembeni, mwezi mwandamo unabaki. Kausha chini ya feni saa 24, kamwe si kwenye friji. Bandika kwa tone la chokoleti, si maji.

Soma pakiti ya fondanti, maana baadhi zina jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe, na hii ni Idi. Poda ya dhahabu pia: wengi huichanganya na pombe kali isiyo na rangi ili ikauke haraka. Wewe ipake kavu kwa brashi laini, inatosha. Na iwe imeandikwa kuwa ya kuliwa. "Haina sumu" ni jambo jingine kabisa, hiyo ni ya mapambo ya kuangaliwa.

Rangi za maji usitie kwenye chokoleti, itakatika palepale. Tumia za mafuta au za unga. Kompaundi nyeupe ina umanjano kidogo, kwa hiyo bluu yako itaelekea kijani, ambacho kwa Idi si hasara. Nyekundu ya Krismasi ndiyo taabu, kila ukitia unapata waridi. Mwezi wa Desemba nunua iliyokwisha tiwa rangi kiwandani. Shanga za sukari zinyunyize ndani ya sekunde 20 baada ya kuchovya, ukishikilia juu ya sahani. Mistari myembamba ya rangi ya pili isubiri gamba lishike kabisa. Kwa watoto wa chini ya miaka 4 kwenye hiyo nyumba, fanya chache bila kijiti wala shanga ngumu, uziweke kwenye vikombe vya karatasi.

Mwezi wa angani ndio usiokubali oda. Ukizitayarisha kwa kutegemea mwezi wa tarehe 29 Ramadhani na usionekane, una siku nzima ya kusubiri. Kwa hiyo oka tarehe 27, viringisha usiku wa 28 baada ya tarawehe, matonge yalale ndani ya kontena kwenye friji. Chovya usiku wa 29, saa 4 kwenda mbele jiko likishapoa. Mwezi ukiandama, asubuhi ni Idi; usipoandama, zinavumilia siku 2 kwenye chumba chenye kiyoyozi au sehemu yenye ubaridi wa nyumba. Zilizokwisha chovywa usizirudishe friji wazi, zitatoka jasho na rangi zitachuruzika. Ikibidi kabisa, zifunge kwenye kontena, na siku ya kutoa usilifungue mpaka kontena lenyewe liache ubaridi.

Mifuko ya plastiki ya kung'aa na utepe viwekwe gamba likiwa limekauka kabisa, la sivyo mfuko unafanya ukungu kwa ndani. Kutoka Ngamiani mpaka Raskazone ni mwendo mfupi, lakini bodaboda sahau, chukua bajaji, boksi ulipakate mwenyewe na mapema, kabla jua halijawa kali.

Nozeli 2 na pakiti ya vijiti nakutumia kwa basi la Alhamisi, uipokee stendi ya Kange. Vijiti ni vya sentimita 15. Kwa tonge la gramu 26 usivikate. Baba Nasra na watoto wasalimie sana.

Shoga yako,
Mama Salma